Rangi ya Bakuli na Risasi Iliyofichika: Oksidi za Metali katika Vyombo vya Udongo

Utangulizi

Puge ni kata ya Wilaya ya Nzega, Mkoa wa Tabora, na iko takribani katikati ya barabara itokayo Tabora mjini kwenda Nzega. Katika nchi hii ya Unyamwezi ufinyanzi ni kazi ya kale, na kwa sehemu kubwa umekuwa kazi ya wanawake. Chungu cha kupikia, mtungi wa maji na chombo cha pombe vilifinyangwa kwa mkono, vikaanikwa hadi vikakauka, kisha vikachomwa kwa moto wa wazi. Rangi ya vyombo hivyo ni ile iliyotolewa na udongo na moto wenyewe: wekundu wa chuma kilichomo ardhini na weusi wa moshi.

Siku hizi, kando ya chungu hicho, jikoni huwa pia na bakuli, kikombe au jagi la udongo linalong'aa kwa kijani, buluu au manjano, lililonunuliwa dukani au mnadani. Mng'ao huo ni utando mwembamba wa kioo uliofunika udongo, na rangi yake hutoka katika oksidi za metali. Wapo pia mafundi wanaotamani kujifunza kazi hiyo ili vyombo vyao vipate bei nzuri zaidi.

Makala hii inajibu swali moja: chombo cha udongo chenye rangi na mng'ao huweza kumdhuru mtu kwa njia gani, na mtoa huduma wa afya, mfinyanzi na mwenye kaya wafanye nini? Jibu kwa ufupi ni hili. Mara nyingi hatari kubwa haimo katika rangi inayoonekana. Imo katika madini ya risasi yasiyoonekana, ambayo hutumiwa kuyeyusha kioo kwa moto mdogo. Hata hivyo, baadhi ya rangi, hasa kijani cha shaba, huifungulia risasi hiyo mlango wa kuingia katika chakula.

Rangi za kioo katika njia ya misafara

Oksidi za metali si ngeni katika eneo hili. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, waliukuta mji wa wafanyabiashara ambao mali yao ilipimwa kwa nguo, nyaya za shaba na shanga za kioo. Mwaka uliofuata Speke alitoka Kazeh akaelekea kaskazini, akapita Unyamwezi hadi Ziwa Victoria, na shanga zilikuwa sehemu ya mzigo wa kulipia chakula na njia. Burton aliorodhesha majina ya shanga hizo kama yalivyotamkwa sokoni: samsam nyekundu, kadunduguru yenye wekundu wa tofali, na kanyera nyeupe. Kila eneo lilikuwa na chaguo lake, na msafara uliobeba rangi isiyopendwa uliweza kulala njaa.

Shanga nyingi za wakati ule zilitoka Venice, nchini Italia, na rangi zake zilitokana na metali zile zile zinazotia rangi vyombo vya udongo. Kobalti ilitoa buluu iliyokoza. Shaba ilitoa buluu ya maji na, ikichomwa kwa kunyimwa hewa, wekundu wa tofali. Katika mwambao, mitungi yenye utando wa rangi ya feruzi kutoka nchi za Ghuba ya Uajemi ilifika Manda na Unguja Ukuu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Baadaye bakuli za Kichina, zikiwamo nyeupe zenye michoro ya buluu ya kobalti, zilipachikwa katika makaburi ya mnara kama yale ya Kunduchi.

Historia hii inafundisha jambo moja la kitabibu. Metali ile ile huweza kuwa tulivu kwa karne nyingi ndani ya kioo kilichotengenezwa vizuri, na huweza kuwa sumu ndani ya kioo kilichotengenezwa vibaya. Ili kuelewa tofauti hiyo, ni lazima kwanza kujua utando wa kioo umeundwa na nini.

Utando wa kioo huundwaje

Utando wa kioo una sehemu nne. Ya kwanza ni silika, ambayo ndiyo mchanga mweupe wa kawaida. Hiyo ndiyo inayokuwa kioo. Ya pili ni alumina, itokayo katika udongo. Huufanya utando ushike chombo na usichuruzike ukiwa tanurini. Ya tatu ni kiyeyushi. Silika ikiwa peke yake huyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 1,700 za Selsiasi, joto ambalo hakuna tanuri la mfinyanzi linaloweza kulifikia. Kiyeyushi huishusha silika hadi joto linalofikika. Viyeyushi vinavyojulikana ni soda, potashi, chokaa, boroni, zinki na risasi. Sehemu ya nne ni oksidi ya kutia rangi.

Fundi husaga viungo hivi, huvichanganya na maji hadi vipate uzito wa uji mwepesi, huchovya au kupaka chombo kilichokwisha kuchomwa mara ya kwanza, kisha hukichoma tena. Ndani ya moto unga huo huyeyuka na kuwa kioo. Ikiwa viungo vimepimwa sawasawa na moto umetosha, chembe za metali hufungwa ndani ya kioo hicho. Ikiwa vipimo vimekosewa au moto haukutosha, metali hubaki zimeshikwa kwa ulegevu, tayari kutoka.

Oksidi kuu na rangi zake

Kiasi cha oksidi kinachohitajika ni kidogo. Viwango vifuatavyo ni vya kawaida kwa uzito wa mchanganyiko mkavu.

Oksidi ya chuma, asilimia 1 hadi 10. Ikiwa kidogo hutoa rangi ya asali. Ikiongezeka hutoa hudhurungi, na mwishoni weusi. Katika tanuri lililonyimwa hewa hutoa kijani cha kijivu, kama cha vyombo maarufu vya China. Miongoni mwa oksidi za rangi, hii ndiyo yenye madhara madogo zaidi.

Oksidi ya shaba, asilimia 1 hadi 5. Katika kioo chenye risasi hutoa kijani cha jani; katika kioo chenye soda nyingi hutoa feruzi; ikinyimwa hewa hutoa wekundu.

Oksidi ya kobalti, asilimia 0.25 hadi 1. Hutoa buluu yenye nguvu kuliko rangi nyingine zote.

Oksidi ya manganizi, asilimia 2 hadi 6. Hutoa hudhurungi au zambarau.

Oksidi ya kromi, asilimia 0.5 hadi 2. Hutoa kijani kizito kisichopenyeza mwanga. Ikikutana na bati hutoa waridi.

Oksidi ya bati, asilimia 5 hadi 10. Huufanya utando uwe mweupe na kuficha rangi ya udongo ulio chini.

Antimoni pamoja na risasi hutoa manjano, na kadimi pamoja na seleni hutoa manjano, chungwa na nyekundu ya kuwaka. Hizi mbili za mwisho zinahitaji tahadhari ya pekee kwenye vyombo vya chakula, kwa kuwa risasi na kadimi zote ni sumu zinazolimbikizana mwilini.

Kwa nini risasi hupendwa

Moto wa wazi wa kuni, unaotumiwa na wafinyanzi wengi wa vijijini, kwa kawaida hufika kati ya nyuzijoto 600 na 900. Vyombo vigumu vya viwandani huchomwa kwenye nyuzijoto 1,200 au zaidi. Pengo hilo ndilo lililoileta risasi. Oksidi ya risasi huyeyuka yenyewe kwenye nyuzijoto 888, na ikichanganywa na silika hutoa kioo laini, chenye mng'ao mkubwa, kinachosamehe makosa ya fundi na kuzipa rangi uhai. Kwa mtu mwenye kuni chache na tanuri dogo, hakuna kiyeyushi kinachovutia zaidi. Kwa tabibu, hakuna kinachotisha zaidi.

Risasi yenyewe haina rangi ndani ya kioo. Mnunuzi anayetazama bakuli la kijani anaiona shaba na haioni risasi. Hata mfinyanzi aliyenunua unga uliokwisha kuchanganywa huenda asijue kilichomo, hasa pale mfuko unapokosa maandishi.

Jinsi risasi inavyoingia katika chakula

Asidi huivuta risasi kutoka katika kioo dhaifu. Kadiri chakula kilivyo kichachu, kadiri kinavyokaa muda mrefu ndani ya chombo, na kadiri kilivyo cha moto, ndivyo risasi inayotoka inavyoongezeka. Maji safi huvuta kidogo. Maji ya ndimu, ukwaju, mchuzi wa nyanya, achari, togwa, maziwa mgando na pombe ya nafaka huvuta zaidi.

Wakazi wa Tabora wanapaswa kuikumbuka pia asali, zao linaloutambulisha mkoa huu. Kwa utamu wake watu hudhani haina uchachu, lakini asali ni asidi: pH yake kwa kawaida huwa kati ya 3.5 na 4.5. Asali iliyowekwa kwa miezi katika chupa ya udongo ya kuvutia yenye utando wa risasi imewekwa mahali pabaya.

Hapa ndipo rangi inapoingia katika hesabu. Imethibitika katika maabara kwamba kuongeza oksidi ya shaba katika utando wenye risasi hudhoofisha kioo hicho, na risasi inayotoka huongezeka mara nyingi kuliko katika utando huo huo usio na shaba. Utando wa risasi ambao ungeweza kupita kipimo cha usalama ukiwa hauna rangi huweza kushindwa ukitiwa kijani. Kwa hiyo chombo cha kijani kinachong'aa sana, kilichochomwa kwa moto mdogo na kisicho na asili inayojulikana, kinastahili shaka kuliko vingine vyote.

Kipimo cha kimataifa cha ISO 6486 hufuata mantiki hiyo hiyo. Chombo hujazwa asidi ya siki ya asilimia 4, huachwa kwa saa 24 katika nyuzijoto 22, kisha maabara hupima risasi na kadimi zilizotoka. Jicho haliwezi kufanya kazi hiyo. Nyufa ndogo kama wavu, unga unaobaki kidoleni baada ya kuosha, au mng'ao uliofifia pale chakula kinapokaa ni dalili za utando dhaifu. Lakini kukosekana kwa dalili hizo hakuthibitishi usalama.

Mafunzo kutoka kwingineko

Madhara haya yamejulikana kwa muda mrefu. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, katika kitabu chake cha mwaka 1700 kuhusu magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali, alieleza jinsi mikono ya wafinyanzi waliosaga risasi ilivyoanza kutetemeka na hatimaye kupooza. Huko Staffordshire, Uingereza, ugonjwa wa risasi miongoni mwa wafanyakazi wa viwanda vya vyombo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1898 serikali iliwapa mkemia Thomas Edward Thorpe na daktari Thomas Oliver kazi ya kuuchunguza. Mapendekezo yao yalisaidia kuleta viyeyushi visivyo na risasi, au risasi iliyoyeyushwa kwanza pamoja na silika ili isiyeyuke kwa urahisi mwilini.

Mwaka 1970 madaktari wa Montreal, Kanada, waliandika habari za mtoto aliyekufa kwa sumu ya risasi. Chanzo kilikuwa maji ya tufaha yaliyohifadhiwa katika jagi la udongo lenye utando wa kioo. Familia ile haikuwa na kiwanda wala mgodi. Ilikuwa na jagi tu.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya vijijini ni ule wa La Victoria, kijiji cha wafinyanzi katika milima ya Ekuado. Familia za hapo zilitoa risasi katika betri chakavu za magari, zikaisaga, zikaitumia kung'arishia vigae vya paa na vyombo, mara nyingi nyumbani kwao. Watafiti waliopima damu ya watoto wa kijiji hicho walikuta viwango vya juu sana vya risasi. Katika Tanzania ya leo betri chakavu za pikipiki, magari na mitambo ya umeme wa jua zimefika karibu kila kijiji, na risasi iliyomo hupatikana bila gharama. Fundi asiyejua anaweza kuvutika kufuata njia ya La Victoria. Ni wajibu wa elimu ya afya kumfikia kabla hajafanya hivyo.

Risasi ndani ya mwili

Mtu mzima hufyonza takribani asilimia 10 ya risasi aliyoimeza. Mtoto mdogo huweza kufyonza hadi nusu. Mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza zaidi, kwa sababu utumbo huichukua risasi kana kwamba ni madini hayo. Katika damu risasi hupungua kwa nusu baada ya mwezi mmoja hivi, lakini iliyokwisha kuingia katika mifupa hukaa kwa miongo. Wakati wa ujauzito na kunyonyesha, mifupa inapotoa kalsiamu, risasi hutoka pamoja nayo, huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Risasi huzuia vimeng'enya vinavyotengeneza sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Hivyo huleta upungufu wa damu. Huvuruga mishipa ya fahamu na ubongo unaokua. Huongeza shinikizo la damu na kudhuru figo kwa watu wazima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Dalili zake huvaa sura ya magonjwa mengine, na hapo ndipo hatari ilipo kwa mgonjwa wa Puge. Maumivu ya tumbo ya kukata na choo kigumu hudhaniwa kuwa minyoo au vidonda vya tumbo. Mtoto mwenye damu kidogo hupewa vidonge vya madini ya chuma na kurudishwa nyumbani. Degedege huhesabiwa kuwa malaria kali. Mtoto anayechelewa kusema au asiyetulia darasani huitwa mtukutu. Kila moja ya dhana hizo ni ya haki, kwa kuwa malaria, minyoo na lishe duni ni vya kawaida zaidi. Kosa huwa ni kutouliza zaidi pale tiba ya kawaida inaposhindwa.

Mfano wa kufundishia

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya mafunzo. Mtoto wa miaka mitatu analetwa zahanati kwa mara ya tatu katika miezi minne. Tumbo linamuuma, hali vizuri, choo ni kigumu, na viganja vimepauka. Kipimo cha malaria ni hasi. Amekwisha kupewa dawa ya minyoo na dawa ya kuongeza damu, bila nafuu.

Mtoa huduma anamuuliza mama yake mtoto hula na kunywa nini. "Anapenda maziwa mgando," mama anajibu. Yamewekwa wapi? "Katika jagi la kijani alilotuletea shangazi yake kutoka safarini. Ni zuri, halitoboki wala halivuji." Jirani mwenye watoto wa umri huo huo, anayegandisha maziwa katika kibuyu, hana mtoto mgonjwa.

Jibu hilo halithibitishi ugonjwa. Linampa mtoa huduma sababu ya kusimamisha matumizi ya jagi siku hiyo hiyo, kuagiza lihifadhiwe kwa uchunguzi badala ya kutupwa, na kumpeleka mtoto hospitali ambako damu yake inaweza kuchukuliwa na kutumwa kupimwa. Maswali mawili yamefungua njia ambayo vidonge havikuifungua.

Hatua kwa mtoa huduma

Kwanza, aulize. Mgonjwa mwenye upungufu wa damu usiopona, maumivu ya tumbo yanayojirudia bila sababu, udhaifu wa kiganja kinachoning'inia, au mtoto mwenye degedege lisiloelezeka, aulizwe mambo matano: vyombo vya kupikia na kuhifadhia vyakula vichachu, kazi za nyumbani, hasa ufinyanzi, betri na uchimbaji wa dhahabu, sufuria za kusubu zilizotengenezwa kwa vyuma chakavu, kwa kuwa utafiti wa Kameruni uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa baadhi yake hutoa risasi, rangi za ukutani zinazobanduka, na ulaji wa udongo.

Swali la mwisho liulizwe kwa staha. Wajawazito wengi hula udongo, na wakiona wanachekwa huficha. Udongo wa kula huweza kuwa na risasi ya asili, na mara nyingi ulaji wake huambatana na upungufu wa madini ya chuma, hali inayoongeza ufyonzwaji wa risasi hiyo.

Pili, aondoe chanzo. Hakuna dawa inayofaa ikiwa mgonjwa anarudi kwenye jagi lile lile.

Tatu, apime au atume kupimwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaelekeza kwamba kiwango cha mikrogramu 5 kwa desilita ya damu au zaidi kinatosha kuanza kutafuta chanzo na kuchukua hatua. Mtoto wa miaka 10 au chini mwenye kiwango hicho, ikiwa lishe yake ina upungufu wa kalsiamu au chuma, apewe nyongeza ya madini hayo. Mtoto huyo akifikia mikrogramu 45 au zaidi, mwongozo unapendekeza dawa za kunasa risasi na kuitoa mwilini. Dawa hizo hutolewa hospitali chini ya uangalizi. Zikitolewa huku chanzo kikiendelea huweza kuleta madhara.

Nne, atambue dharura. Degedege, kupoteza fahamu, au kutapika mfululizo kwa mtu anayeshukiwa kuwa na sumu ya risasi ni hali ya hatari. Degedege litibiwe, sukari na malaria vipimwe, na rufaa itolewe mara moja. Maziwa, maji ya ndimu au dawa za kuharisha za nyumbani haziondoi risasi.

Tano, awaangalie wengine. Chombo kimoja hulisha kaya nzima. Wadogo na wajawazito wa nyumba hiyo nao wachunguzwe.

Ushauri kwa wafinyanzi

Chungu cha asili kisicho na utando wa kioo hakina risasi ya kung'arishia, na sifa hiyo inastahili kutajwa sokoni kwa fahari. Udongo wake usichimbwe mahali palipovunjwa betri wala karibu na marudio ya dhahabu. Tahadhari hii inaihusu Wilaya ya Nzega, yenye wachimbaji wadogo. Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, mamia ya watoto walikufa baada ya mawe ya dhahabu yenye risasi nyingi kusagwa ndani ya makazi.

Anayetaka kung'arisha vyombo vya chakula atumie kiyeyushi cha boroni, soda au chokaa, chenye maandishi yanayothibitisha kwamba hakina risasi wala kadimi, na awe na tanuri linalofikia joto lililoandikwa. Ikiwa tanuri lake halifiki, rangi ibaki nje ya chombo, mbali na mdomo na ndani kunakogusa chakula, au chombo kiwe cha mapambo tu na kiandikwe hivyo. Kutumia risasi ya betri ni marufuku kwa kila hali. Kabla ya kuuza vyombo vya kulia, fundi awasiliane na Shirika la Viwango Tanzania kuhusu kupimwa kwa bidhaa zake.

Fundi naye ana mapafu na ngozi. Vumbi la silika huleta makovu ya mapafu na huongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu. Anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili apimwe. Vumbi la manganizi likivutwa kwa miaka huweza kuleta mtetemeko na ukakamavu wa viungo. Kobalti huweza kuchochea pumu, na kromi huweza kuwasha ngozi. Baadhi ya aina zake husababisha saratani. Kwa hiyo unga uchanganywe ukiwa umeloweshwa. Sakafu ipigwe deki badala ya kufagiwa kavu. Barakoa inayochuja vumbi ivaliwe. Chakula kisiliwe mahali pa kazi. Nguo za kazi zisichanganywe na za watoto. Na mjamzito asisage wala kupima oksidi.

Ushauri kwa kaya

Vyombo vya udongo vinavyong'aa ambavyo asili yake haijulikani vitumike kwa mapambo au kuhifadhia vitu vikavu visivyoliwa. Asali, maziwa mgando, togwa, ukwaju na achari viwekwe katika chupa ya kioo safi, chombo cha chuma kisichoshika kutu, au kibuyu kilichozoeleka. Uji wa mtoto mchanga usipikwe wala kuhifadhiwa katika chombo cha kung'aa kisichojulikana. Mboga za majani, dagaa, maharage na maziwa humsaidia mtoto kupata chuma na kalsiamu, na mwili ulioshiba madini hayo hufyonza risasi kidogo zaidi.

Aliyekwisha kutumia chombo anachokitilia shaka asifadhaike. Akiache leo, akihifadhi, na akieleze kituo cha afya anapokwenda. Kuacha mapema huzuia madhara zaidi, hasa kwa mtoto ambaye ubongo wake bado unakua.

Hitimisho

Oksidi za metali zimewapa wanadamu uzuri kwa maelfu ya miaka, na hakuna sababu ya kuziogopa zote kwa pamoja. Kioo kigumu kilichochomwa vyema huzifunga, na bakuli lake hurithiwa. Kioo laini cha risasi huzitoa pole pole, kijiko kwa kijiko, katika chakula kisichobadilika ladha wala harufu. Kwa kuwa ulimi hauwezi kuonya na jicho hudanganywa na mng'ao, kinga hutegemea fundi anayejua anachokichoma, mnunuzi anayeuliza, na mtoa huduma anayekumbuka kumwuliza mama chakula cha mtoto kinakaa ndani ya nini.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini utando wa risasi uliotiwa kijani cha shaba unaweza kuwa hatari kuliko utando huo huo usio na rangi?

2. Taja vyakula vinne vichachu vinavyohifadhiwa katika kaya za eneo lako, na vyombo vinavyotumika kuvihifadhi. Ni chombo kipi kati ya hivyo ambacho asili yake haijulikani?

3. Mtoto mwenye upungufu wa damu hajapona baada ya dawa ya minyoo na vidonge vya chuma. Ni maswali gani matano ambayo mtoa huduma anapaswa kumwuliza mzazi kabla ya kumpa dozi nyingine?